Msiseme Hatuna Elimu

Nilishika chaki kwa miaka thelathini na minane, na karibu nusu ya muda huo nilikuwa mwalimu mkuu. Nilisikia sababu nyingi za watoto kushindwa mitihani. Iliyoniudhi kuliko zote ni ile ya mwalimu anayerudi ofisini, anatupa madaftari mezani na kusema, "Hawa watoto hawana akili." Mwalimu akishatamka hivyo amejisamehe. Hana haja tena ya kujiuliza alifundisha nini, kitabu kiko wapi, au kama mtoto alikula chochote tangu jana mchana. Kosa lote limehamia kichwani mwa mtoto, na mtoto hana pa kukata rufaa.

Sasa ni mzee wa miaka sabini na minne. Nakaa Ukonga, katika nyumba niliyoanza kuijenga mwaka 1987 kwa matofali ya kufyatua mwenyewe, na naisikia sababu ile ile ikirudi na joho jipya. Safari hii hawaambiwi watoto. Wanaambiwa wake zetu, wapangaji wetu, na akina mama wanaokaanga maandazi alfajiri pale Mombasa (Mombasa yetu ya Ukonga, msomaji wa mbali asije akadhani nimevuka mpaka). Wanaambiwa kwamba wanapikia mkaa kwa sababu hawana elimu.

Niliisikia kauli hiyo kwa masikio yangu katika mkutano wa mtaa mwaka 2024. Alikuja kijana mmoja nadhifu, mwenye fulana iliyoandikwa maneno ya nishati safi kifuani, na gari lililopakia mitungi midogo ya gesi, ile ya kilo sita. Akagawa mitungi ishirini kwa akina mama ishirini. Kila mmoja alipigwa picha ameushika wake kama mshindi wa kombe. Kisha kijana akatuhutubia. "Wazee wangu," akasema, "changamoto kubwa tuliyonayo ni elimu." (Zamani tulisema matatizo, siku hizi matatizo yamekufa yote, zimebaki changamoto.) Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele pamoja na wazee wenzangu na nilipiga makofi kuliko wote, maana neno elimu likitajwa mwalimu hujiona ametajwa yeye. Nilifika nyumbani ndipo nikaanza kuyaonea aibu makofi yale.

Ndugu msomaji, usije ukanidhania natetea moshi. La hasha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024 unataka ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Naliunga mkono lengo hilo kwa mikono miwili. Ugomvi wangu ni na hilo neno moja, elimu, linavyotumiwa kuficha mambo mengine.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Eti mtu wa Ukonga anahitaji semina ya kumweleza kuwa dunia imegeuka? Mto Msimbazi unaanzia huku kwetu juu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unapita Ulongoni, unateremka Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, hadi unamwaga hasira zake Jangwani. Desemba 2011 mvua ilinyesha siku chache tu jijini ikaua watu zaidi ya arobaini. Wengine walipoteza nyumba zao mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 mambo yakageuka: mvua ikagoma, Ruvu ukapungua, na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Mke wangu alikuwa akiamka saa nane za usiku kukinga ndoo. Mwaka uliofuata tukapata mgao wa umeme. Halafu zikaja mvua za El Nino, tangu mwishoni mwa 2023 hadi Aprili 2024, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalieleza Bunge kuwa Watanzania 155 wamekufa. Mwezi haujapita, kimbunga Hidaya kikaja kukata barabara ya Kusini. Sisi tunaoishi karibu na Ulongoni tumekwisha kuona daraja likienda na maji na watoto wa shule wakibaki ng'ambo. Mwanamke aliyeamka usiku kukinga ndoo mwaka 2022, na mwaka 2024 akaamka usiku kuyachota maji chini ya kitanda chake, ana elimu ya tabianchi ya kumtosha hata kumfundisha yule kijana wa fulana.

Na msitu je? Nilikuwa mwalimu kijana wilayani Kisarawe mwaka 1980 wakati wa kampeni ya Misitu ni Mali. Wenzangu wa umri wangu wataikumbuka. Tulikaa vikundi kwa vikundi kuzunguka redio, tukasoma vijitabu, tukajadili. Mbele yake kulikuwa na Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Mimi niliongoza kikundi changu kwa bidii. Wanakijiji walieleza vizuri kuliko kitabu kwamba mlima ukinyolewa chemchemi hukauka. Mzee mmoja alitutajia vijito vitatu vilivyokufa katika uhai wake. Elimu ilikuwako, ndugu zangu. Tuliigawa hadi ikabaki.

Sasa nikueleze ni nini kilichofuata, na hapa naanza kujishtaki mwenyewe. Ijumaa tulijadili Misitu ni Mali, na Jumatatu kila mtoto alikuja shuleni na kuni moja mkononi kwa ajili ya uji. Asiye na kuni alirudishwa nyumbani. Anayewarudisha alikuwa mimi. Watoto mia tatu, kuni mia tatu, kila juma. Sikuwa na fedha ya kununua nishati nyingine, wala hapakuwa na nishati nyingine. Je, mimi nilikosa elimu? Nilikuwa na cheti cha Kigurunyembe ukutani.

Msitu wa Pugu na ndugu yake wa Kazimzumbwi uliliwa mbele ya macho yetu katika miaka ya themanini na tisini. Watafiti waliofuatilia jambo hili walikuta kwamba mwaka 1991 ukataji wa kuchoma mkaa ulikuwa umefika kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, yaani ndiyo huku kwetu. Mwaka 2005 ulikuwa umesukumwa hadi kilomita 50. Leo mkaa unaouzwa Ukonga unatoka mbali zaidi ya hapo, na unapita barabarani mbele ya vizuizi vyenye watu wenye elimu na sare. Pugu na Kazimzumbwi zimepandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, na miti imeanza kurudi. Namshukuru Mungu. Lakini jiji halikupunguza njaa yake. Liliihamishia kwa wengine tu.

Nenda na mimi kwenye tarakimu, maana mwalimu asiye na tarakimu ni mhubiri. Benki ya Dunia ilitoa ripoti mwaka 2009 kuhusu mkaa wa Tanzania. Ilionyesha kwamba mwaka 2001 kaya 47 katika kila 100 za Dar es Salaam zilipikia mkaa. Mwaka 2007 zilikuwa kaya 71. Katika miaka hiyo hiyo matumizi ya gesi yalishuka. Soma tena, tafadhali. Watu walikuwa wakienda mbele, wakarudi nyuma. Wale wanaosema tatizo ni elimu wanijibu: wakazi wa Dar es Salaam walisahau nini kati ya mwaka 2001 na mwaka 2007? Shule zilifungwa? Nilikuwa kazini miaka hiyo, na nakumbuka ndio wakati wa MMEM, madarasa yakijengwa kila kata. Elimu ilipanda na mkaa ukapanda nayo. Kilichobadilika ni bei.

Na kama bei ni mwalimu, marufuku ni fimbo. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Nakumbuka wiki zile. Bei iliruka, wauzaji wakawa wanauza kwa kificho kama gongo, na wachomaji wakaendelea kuchoma. Haukupita muda marufuku ikaondolewa. Sijui ni nani aliyepewa elimu katika zoezi lile.

Sasa njoo tuhesabu hesabu ya mama mmoja wa mtaa wangu. Anauza maandazi na chai. Siku njema anabakiwa na shilingi elfu saba au nane, siku ya mvua hana kitu. Kila asubuhi anatuma mtoto dukani: mafuta ya kupikia ya mia tano, sukari robo, sabuni kipande, mkaa wa elfu moja. Ndivyo anavyoishi. Nchi hii inamuuzia kila kitu kwa kipimo chake. Chumvi inapimwa, dawa ya meno inauzwa kipakiti, hata maneno ya simu anayanunua kwa mia tano. Gesi peke yake inamwambia: lete karibu elfu ishirini na nne kwa mpigo au uondoke. Ukijumlisha mwezi mzima, mkaa wake wa elfu moja kila siku unafika elfu thelathini, na siku za kuchemsha maharage ni zaidi. Yaani mkaa ni ghali kuliko gesi! Kijana wa fulana alitueleza hivyo kwa ushindi mkubwa, kana kwamba amevumbua kitu. Mama huyu anajua. Alinifanyia hesabu ile kwa vidole huku akikanda unga. "Mwalimu," akaniambia, "gesi naijua. Nimeikosa elfu ishirini na nne ya siku moja."

Katika darasa la sita tulifundisha tofauti ya jumla na wastani. Yule kijana anahesabu jumla ya mwezi. Mama anaishi siku moja moja. Wote wawili wamepata jibu sahihi, ila swali la mama ndilo lililo na watoto ndani yake.

Miezi mitano baada ya mkutano ule nilichukua fimbo yangu nikaenda kukagua mitungi ishirini. Ni tabia ya ualimu. Ukigawa madaftari lazima uyakague. Niliwapata akina mama kumi na mmoja. Mitungi mitatu ilikuwa ikipika. Mmoja uliuzwa kulipa ada. Mingine ilikuwa imesimama pembeni, mitupu, mmoja umefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma na juu yake umewekwa mwanasesere. Picha za siku ile nadhani bado ziko ofisini kwa mtu, na katika hesabu yake kaya ishirini za Ukonga zimeokoka.

Sikatai kwamba wapo waliofikiri. Siku hizi kuna watu wanaofunga mita juu ya mtungi, unalipia kwa simu kadiri unavyopika, hata ya mia tano. Huyo aliyebuni hivyo hakuja na mahubiri. Alikwenda dukani akaangalia sukari inavyopimwa. Lakini ukilinganisha wingi wa mitungi ya kupigia picha na wingi wa mita hizo mtaani kwangu, utajua wakubwa wetu wanapenda kipi.

Wala tusiwaache wa ng'ambo. Mei 2024 walikutana Paris, Rais wetu akiwa mmoja wa wenyeviti, zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya kupikia kusafi barani Afrika. Ni fedha nyingi masikioni. Waafrika wasio na nishati safi ya kupikia wanakaribia bilioni moja. Gawanya. Kila mmoja anapata dola mbili na senti kidogo, ambazo kwa shilingi za mwaka ule hazikufika elfu sita. Robo ya kujaza mtungi wa kilo sita, mara moja. Nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe kwa miaka mia mbili ziliahidi pale Copenhagen mwaka 2009 kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu zao wenyewe zilifikisha kiasi hicho mwaka 2022. Wao wakichelewa miaka miwili huitwa ugumu wa mazungumzo. Mama wa maandazi akichelewa kuacha mkaa, hana elimu.

Nimekaribia sasa jambo lililonifanya nishike kalamu, na nimelizunguka kwa kurasa kadhaa kwa sababu linaniuma.

Mstaafu wa ualimu haishi kwa pensheni (nani asiyejua kisa cha kikokotoo?). Mimi naishi kwa vyumba vinne vya uani ninavyopangisha. Nyumba nzima ina mita moja ya LUKU. Wapangaji huchanga kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi hutokea ugomvi: huyu ana friji, yule anapiga pasi kila siku, wa tatu anadai hakuwako wiki mbili. Mwaka 2019 mpangaji mmoja alileta jiko la umeme la koili, uniti zikayeyuka, nusura wapigane. Nikachukua karatasi ngumu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, ule uliosifiwa na wakaguzi: NI MARUFUKU KUTUMIA JIKO LA UMEME KATIKA NYUMBA HII. NA. MWENYE NYUMBA. Nikaibandika ukutani koridoni. Nilijiona hakimu mwenye hekima.

Usiku mmoja wa Aprili 2024 mvua ilipiga tangu magharibi. Ile baraza ya uani wanakopikia ikajaa maji. Mpangaji wa chumba cha tatu, mama kijana mwenye mtoto wa miezi tisa, aliingiza jiko lake la mkaa chumbani ili apike uji na kukausha nepi. Karibu na alfajiri jirani yake akasikia mtoto akilia kwa sauti ya ajabu, nyembamba, kisha akanyamaza. Walipovunja mlango mama alikuwa sakafuni hana fahamu na mtoto amelegea kama kitambaa. Tuliwatoa nje mvuani. Bajaji ilizunguka njia tatu kabla ya kupata isiyofungwa na maji. Daktari alisema ni kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo na rangi wala harufu niliyoichora ubaoni mara ngapi sikumbuki. Wote wawili walipona. Namshukuru Mungu hadi leo.

Pale hospitalini, kwenye benchi, mtu mzima mmoja aliyemleta mgonjwa wake alitusikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Unalalaje na jiko la mkaa ndani? Watu wetu hawana elimu." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, mwalimu mkuu mstaafu, na sikusema neno. Nilikuwa naliona lile tangazo langu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona. Ni mwanamke aliyemaliza kidato cha nne. Aliponiamkia nilishindwa kuitikia shikamoo yake sawasawa. Nilimuuliza kama alijua hatari ile. "Nilijua, mwalimu," akasema. "Nilifungua dirisha. Mvua ikaingia kitandani kwa mtoto. Nikalifunga." Hakulitaja tangazo. Afadhali angelitaja.

Ewe unayezungumzia elimu, nionyeshe ni somo gani lililokosekana katika chumba kile.

Nyumba ile ina umeme, na umeme wenyewe si haba. Bomba la gesi kutoka Mtwara, lililomalizika mwaka 2015, linaishia Kinyerezi, na mitambo inayoigeuza gesi ile kuwa umeme haiko mbali na kibaraza changu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Muda mfupi baadaye tukasikia habari ambayo sikutarajia kuisikia nikiwa hai, mimi niliyesahihisha mitihani kwa kibatari katika migao ya miaka ya tisini: umeme umezidi mahitaji, baadhi ya vituo vya maji vimezimwa! Ilikuwa majira yale yale ya mvua. Taifa lilizima mitambo kwa kuwa hakuna wa kuutumia umeme, na Ukonga mama akaingiza mkaa chumbani. Kati ya bwawa na sufuria yake kulikuwa na karatasi moja, imeandikwa kwa hati nzuri.

Tangu hapo nimeuliza nyumba nyingi. Usiniulize idadi, sikufanya utafiti. Ila jijini hapa familia nyingi mno ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili, na tangazo kama langu liko kila mahali, limeandikwa au linasemwa. Kuna na jambo la bei lisilozungumzwa. Shirika la umeme lina bei ya mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Anayezidi hapo hulipa karibu mara tatu. Ni utaratibu wa huruma kabisa. Lakini kaya tano zikikaa kwenye mita moja, kila moja ikitumia uniti ishirini na tano za taa na redio, mita inasoma 125, na wote watano wanahesabiwa kuwa mtu mmoja tajiri. Anayekaa peke yake katika nyumba nzuri akijibana hupata nafuu. Walalahoi watano waliobanana hawaipati. Na kuomba mita ya pili mjini ni zaidi ya laki tatu. Haya ndiyo mambo ningependa yule kijana ayaandike kwenye fulana yake.

Wenye nyumba wenzangu watanijibu. Nawajua, tunasali pamoja. Watasema nyaya zetu ni za zamani, jiko la umeme litaunguza nyumba. Ni kweli kwa nyumba nyingine, na fundi wa kuzikagua analipwa fedha ndogo kuliko jeneza. Watasema umeme hukatika. Hukatika, ndiyo. Watasema wapangaji watazidisha matumizi na ugomvi utarudi. Huo ndio niliouogopa mimi, na nilipoutazama vizuri niliona kwamba nilihatarisha uhai wa watu wawili ili nisisumbuliwe tarehe thelathini.

Nilifanya jambo dogo na silitangazi ili nisifiwe, maana nimechelewa miaka mitano. Fundi alipitia nyaya, akabadilisha zile za koridoni, akafunga mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Ilinigharimu kodi ya miezi mitatu ya chumba kimoja. Kila mtu sasa anaona uniti zake kwa macho yake, na mwisho wa mwezi tunasalimiana. Yule mama alinunua kwa mkopo wa kikoba chake jiko la umeme la presha, lile la kufunika linalojizima. Mwezi wa kwanza alinionyesha daftari, kaandika kila siku kama mtoto wa darasa langu: maharage, wali, makande, uji. Uniti 28 za kupikia. Hata kwa bei ile kubwa haikufika shilingi 11,000. Mkaa ulikuwa ukimlia elfu arobaini. Chapati bado anapikia mkaa nje, chini ya mwembe, na siku umeme ukikatika anawasha jiko lake la zamani, na wala sina la kumwambia.

Hakupewa semina.

Juzi yule kijana alirudi mtaani na mitungi mingine. Nikanyanyua mkono, nikaomba aseme ni mita ngapi zimeletwa na ni wenye nyumba wangapi wameitwa kikaoni. Akanijibu kwa heshima sana: "Mzee wangu, hilo tutalifikisha kwa wahusika." Rafiki yangu wa nyumba ya tatu, mstaafu kama mimi, alinivuta shati nikae. Tangazo lake bado liko koridoni. Nililiona nilipokwenda kumwazima panga. La kwangu nimelibandua, lakini gundi imeacha alama ya mstatili ukutani, na mke wangu ananisumbua nipake rangi.